Sambaza kavu: za watoto au za tilapia?

Mwanzisha mada, Bukavu
Wandugu, tusemezane bila matusi. Kuna wafugaji wa samaki wanaobeba sambaza kavu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwa magunia sokoni, wanazisaga na kuwalisha tilapia. Mimi nasema ikatazwe, na sababu yangu ni hesabu.

Tilapia akilishwa vizuri, kilo 1 na nusu ya chakula inampa kilo 1 ya mwili. Kama asilimia 20 ya chakula hicho ni unga wa sambaza, hizo ni gramu 300. Sambaza ikianikwa hubaki karibu robo ya uzito wake, kwa hiyo zaidi ya kilo 1 ya sambaza mbichi imezama bwawani ili itoke kilo 1 ya tilapia. Faida iko wapi? Sambaza mtoto anaila nzima, kichwa na mifupa, na kalsiamu iko humo humo. Mifupa ya tilapia tunaitema. Tena anayenunua sambaza kwa kikombe, tilapia haimfikii.

Mfugaji, Kabare
Hesabu sina ubishi nayo. Ila unasema kana kwamba tunafanya kwa raha. Chakula peke yake kinameza zaidi ya nusu ya gharama zangu, na kile cha kiwandani kinavuka mpaka na kodi zake mgongoni. Unga wa sambaza una protini karibu 60 kwa 100. Ukininyang'anya huo nilishe nini, pumba za mchele? Mabwawa ya pumba na majani ya mihogo tunayajua huku kwetu: mwaka unaisha samaki ni wa kiganja, na bwawa limejaa vitoto kwa sababu tilapia hasubiri kukua ndipo azae.

Mama muuza sambaza, Kadutu
Wanangu, mnaandika kama sisi wauzaji hatupo. Wakati wa mvua jua halitoki vizuri, sambaza zinavunjika na kugeuka rangi, mteja anazishika anazirudisha. Mfugaji ndiye anayezichukua. Mkimkataza, hasara hiyo mtanilipa nyinyi? Lakini yule anayekuja alfajiri kubeba gunia zuri na kupandisha bei, huyo hata mimi simtaki. Ananifukuzia wateja wa kikombe.

Agronomu, Bukavu
Mama, jambo sana. Zilizovunjika, sawa. Zilizochacha, hapana: mafuta yake yakishaoza yanaharibu ini la samaki, na mfugaji atadhani ni ugonjwa.

Papa mfugaji wa Kabare, mbele ya sambaza nakuuliza kwanza maji yako. Tilapia anapenda nyuzi 27 hadi 30. Hata Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari na maji yake ya juu ni kama 24. Mabwawa ya milimani ni baridi zaidi. Samaki wa maji ya baridi anakula kidogo. Ukimwagia protini ya bei saa 12 asubuhi, nyingi inazama, inaoza, inakula hewa ya maji, na alfajiri inayofuata unakuta samaki wanahema juu juu. Lisha jua likishapanda, acha wakipunguza kukimbilia chakula. Hapo umeokoa sambaza bila sheria yoyote.

Kuhusu kukataza, sikubaliani na mwanzisha mada, lakini gunia zima nalo silitetei. Wanaohitaji protini nyingi ni vifaranga, kama 40 kwa 100, na wanakula kidogo sana. Kukuza vifaranga 1,000 kutoka gramu 1 hadi 20 kunataka kama kilo 25 za chakula, na sambaza humo haizidi kilo 8. Kuwafikisha gramu 250 kwa mchanganyiko wenu wa asilimia 20 kunakula karibu kilo 70 za sambaza. Tofauti yote iko kwa wakubwa, na wakubwa hawazihitaji! Tilapia ana utumbo mrefu, anakula mimea na kijani cha maji. Rutubisha bwawa kwa samadi kwa kipimo, mpe soja iliyokaangwa (mbichi ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe), ongeza dreshi (mabaki ya nafaka) ya kiwanda cha bia ikiwa bado haijachacha. Kambare ni habari nyingine, yule anataka nyama zaidi.

Mama muuza sambaza, Kadutu
Soja? Soja si ndiyo tunayotia kwenye masoso, uji wa watoto wa mahindi, soja na mtama? Mnaiacha sambaza ya mtoto mnakwenda kwenye uji wake.

Mwanzisha mada, Bukavu
Mama amejibu kuliko mimi.

Agronomu, Bukavu
Amenibana, kweli. Basi kuna mabuu ya nzi askari mweusi. Yanafugwa kwa maganda ya ndizi na mabaki ya soko, yakikaushwa yana protini karibu 40 kwa 100, na hakuna mtoto anayeyagombania. Kazi yake ni ya kila siku, hilo sifichi.

Mfugaji, Kabare
Maganda ninayo. Vifaranga nitaendelea kuwapa sambaza, zile zilizovunjika za Mama. Kwa wakubwa nitajaribu mabuu kwenye bwawa moja, lingine libaki na dreshi, nipime uzito. Ila mnunuzi akiniuliza tilapia wangu wanakula nini, nimjibu funza?

Mama muuza sambaza, Kadutu
Mjibu. Kuku wa kienyeji anakula nini, na mbona bei yake iko juu?