Chipu kwenye nguo: duka limeshachukua hela yangu, kwa nini haliizimi chipu pale kaunta? Mama yangu amedhaniwa mwizi

Wakuu, salaam. Bado nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Naishi Duisburg, Ujerumani, huu mwaka wa tisa. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Tanga, na baridi ya huku mnaijua. Wiki ile ile aliyofika nilimpeleka kwenye duka moja kubwa la nguo nikamnunulia sweta la vifungo, la kijivu. Nililipa kwenye zile kaunta za kujihudumia. Unatumbukiza nguo kwenye kisanduku, mashine inajua yenyewe umeweka nini, unagusisha kadi, unachukua risiti, unaondoka. Hakuna mtu aliyeigusa ile nguo.

Jumamosi iliyopita tukaenda tawi jingine la duka hilo hilo, Essen, kutafuta viatu vya wajukuu wake. Mama kavaa sweta lake juu ya buibui. Tunatoka tu, mlango ukalia. Mlinzi akaja, akaturudisha ndani, akatupitisha mmoja mmoja. Nikapita mimi, kimya. Akapita mwanangu, kimya. Akapita mama, ukalia. Akapitishwa mara tatu, watu wanatazama, mwanamke wa miaka 71 amekumbatia mkoba wake na lugha yenyewe haijui. Mlinzi akaleta kifaa cha mkononi, akakipitisha ubavuni mwake, kioo kikaonyesha rangi na saizi ya sweta alilovaa. Akamwambia alivue.

Risiti ilikuwa nyumbani. Tulisimama pale dakika 40 mpaka mume wangu alipoipata kwenye droo, akaipiga picha, akaituma. Meneja akaiangalia, akasema inaelekea mauzo hayakuingia kwenye mfumo, kwa hiyo sweta lilikuwa bado linasomeka kama mali ya duka. Akachukua mkasi, akakata kitambaa cheupe kilichoshonwa kwenye mshono wa ndani, akanirudishia sweta. Hata sekunde kumi hazikufika. Samahani hakuna.

Mama hakusema neno mpaka tulipokaa kwenye treni. Akaniuliza, "Mwanangu, walidhani nimeiba?"

Nimerudi nyumbani nimekiweka kile kitambaa dirishani kwenye mwanga. Ndani kuna mistari myembamba inayong'aa, imejikunja kama njia za mchwa, na katikati kuna nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya mchele. Nukta ndiyo chipu, mistari ndiyo antena. Haina betri. Inapata nguvu kutoka kwenye mawimbi ya mashine inayoisoma, ndiyo maana haiishi chaji na inaweza kukaa kwenye mshono miaka na miaka ikiwa hai. Inasomwa kutoka mita kadhaa, bila kuonekana, hata ikiwa ndani ya begi. Na si kama bakodi. Bakodi ya sweta hilo ni ile ile kwenye masweta yote ya aina hiyo, lakini chipu ina namba yake peke yake. Sweta la mama lina namba ambayo hakuna sweta lingine duniani linayo. Aliyelipa kwa kadi, na nguo yake ina namba ya pekee, anayetaka kuviunganisha hivyo viwili hashindwi.

Mtu asiniambie haiwezekani kuizima. Kiwango cha kiufundi kinachofuatwa na chipu hizi kina amri ya kuua chipu kabisa. Mashine inatuma nywila ya biti 32, chipu inakufa na haiamki tena. Ila nywila ikiachwa sifuri tupu, chipu inakataa amri. Yaani duka lisipohangaika kuweka nywila tangu mwanzo, hata likitaka kuiua pale kaunta haliwezi. Basi kama mmeona nywila ni usumbufu, wekeni mkasi!

Tume ya Ulaya, yaani chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ilishalisema hili tarehe 12 Mei 2009. Mapendekezo yake yako wazi: muuza duka azime au aondoe chipu pale pale pa malipo, bila gharama, isipokuwa mteja mwenyewe akubali ibaki. Kama tathmini imeonyesha kwamba kuiacha hakuhatarishi faragha, bado anatakiwa kumpa mteja njia rahisi na ya bure ya kuizima, papo hapo au baadaye. Mimi sikuulizwa. Mashine ilinipa risiti tu. Shida ni kwamba yale ni mapendekezo, si sheria, na duka linajua hilo.

Nilipopiga simu kulalamika, dada wa huduma kwa wateja akaniambia chipu inabaki "kwa faida yako, ukitaka kurudisha nguo". Hapo ndipo nilipochemka. Mapendekezo hayo hayo yanasema kuondoa chipu kusipunguze wajibu wowote wa kisheria wa muuzaji kwa mteja. Risiti ninayo, kumbukumbu ya kadi ninayo. Chipu inawasaidia wao kuhesabu stoo, na sikatai, wahesabu. Lakini stoo yao inaishia kaunta. Nikishalipa, mshono wa nguo ya mama yangu si rafu yao.

Na mji huu hauwezi kusema haujui. Rheinberg iko jirani tu hapa. Mwaka 2003 Metro, kampuni kubwa ya maduka ya Ujerumani, ilifungua huko duka la majaribio lenye chipu kwenye bidhaa, na mashine ya kuzizima ikawekwa. Wanaharakati walipoichunguza wakakuta inafuta taarifa za bidhaa tu, namba ya pekee ya chipu inabaki inasomeka. Wakagundua pia chipu ndani ya kadi za wateja. Februari 2004 watu wakaandamana nje ya duka, na kadi zikaondolewa. Zaidi ya miaka ishirini imepita, na mimi nasimama Essen nikisubiri picha ya risiti.

Nimeandika kwa mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya jimbo, Düsseldorf, na nimeambatanisha picha ya lebo. Jibu likija nitaliweka hapa hapa.

Mlio Ulaya, Uarabuni na Marekani, naomba mseme: kuna duka lililowahi kukuuliza kabla ya kuiacha hai? Ukiomba wakate, wanakata au wanakuzungusha? Na mnaotuma nguo nyumbani, shikeni mishono, hasa ile lebo nene ya maelekezo ya kufua au kile kitambaa kilicho karibu nayo. Kateni lebo nzima kwa mkasi. Msiweke nguo kwenye maikrowevu kama wanavyoshauriana watu mtandaoni, inashika moto.

Mama anaondoka Alhamisi. Jana usiku tumefungua sanduku lake tukapekua nguo zote za zawadi, moja moja, chini ya taa. Tumekuta nne. Sweta la kijivu ameliacha kitini, amesema halitaki.