Tupeane uzoefu: tetemeko lilipowakuta shuleni, walimu walijua la kufanya?

Njomba wa Mikindani: Leo nimepita shule niliyosoma. Ufa wa darasa letu umepakwa rangi juu, basi. Nimekumbuka Agosti 12, 2020, lile tetemeko la baharini. Mliokuwa shuleni Mtwara na Lindi usiku ule, ilikuwaje?

Matroni Kilwa: Umenitonesha, njomba. Ilikuwa saa mbili na kitu, wasichana wako prepo, kujisomea kwa usiku. Vioo vikaanza kulia, taa zinayumba, mmoja akapiga ukelele, wote wakakimbilia mlango mmoja. Na mlango unafungukia ndani! Wa mbele wanauvuta, wa nyuma wanasukuma, haufunguki. Madirisha yote yana nondo. Nipo nje nasikia watoto wanalia "mama, mama" na sina la kufanya. Mtetemeko ulishaisha, wao bado wanakanyagana. Jengo halikudondosha hata tofali, ila mtoto mmoja alivunjika mkono. Mwalimu wa zamu hajawahi kufundishwa lolote, hata pa kukusanyikia hapajulikani.

Mwana Masasi: Kwetu hivyo hivyo, nondo kila dirisha.

Ticha Nachingwea: Wafundisheni wakimbie nje mara moja.

Fundi wa Newala: Ticha, utaua watoto. Ukuta huangukia nje! Waingie chini ya madawati, wakinge vichwa, watoke ikitulia.

Ticha Nachingwea: Dawati letu lile libebe ukuta? Umeliona lakini?

Aliyekuwa Bukoba: Mimi nilikuwepo Septemba 10, 2016, Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri. Ardhi ilinguruma kabla sijaelewa. Nilishika mti, nao unatikisika. Nyumba za matofali zilimwaga kuta barabarani, vumbi, watu wanaitana majina. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Bahati ilikuwa Jumamosi, shule za kutwa hazina watu. Ingekuwa Jumatatu asubuhi siwezi hata kuwaza. Fundi yuko sahihi: wengine waliumizwa na vilivyodondoka.

Binti Ligula: Pole sana kaka. Uliwapata ndugu zako?

Aliyekuwa Bukoba: Wote wazima dada, Alhamdulillah. Tulilala nje.

Fundi wa Newala: Tazameni lenta, ule mkanda wa zege kwenye ukuta. Nyingi zinakaa juu ya milango na madirisha tu. Inatakiwa izunguke jengo zima, na nondo za pembeni zifungwe. Zege la simenti haba ndiyo nyufa hizo mnazopaka rangi.

Mwana Masasi: Hela ya ujenzi ikija pungufu fundi afanye nini?

Fundi wa Newala: Akatae kazi.

Mwana Masasi: Rahisi kusema.

Binti Ligula: Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokuja, shule zilifungwa na watu wakaambiwa pa kwenda. Tetemeko halipigi hodi, kwa hiyo mazoezi yafanyike kabla. Hata mara moja kwa muhula, na iwe na kengele yake tofauti.

Njomba wa Mikindani: Matroni, ule mlango uligeuzwa?

Matroni Kilwa: Uligeuzwa, nusu siku tu ya fundi. Wa bweni la pili bado. Nimeshapeleka kwa bodi ya shule, Jumatatu naulizia tena.