Nyati wa Ruaha kukonda hivi kiangazi, ni ugonjwa au ni jua?

mwl_Chamwino
Mbukwenyi wadau. Mimi ni mwalimu huku Chamwino, wiki iliyopita tulipeleka watoto Ruaha kwa njia ya Mtera na kuna kitu kinanisumbua toka turudi. Tulikuta kundi la nyati mtoni karibu na Msembe, mto wenyewe umebaki vidimbwi tu, nyati wamekonda yaani mbavu unazihesabu ukiwa ndani ya gari, pale mbele ya nyonga pamebonyea shimo, na dume mmoja mzee kalala kwenye tope hata kichwa hainui. Mwaka jana nilienda mwezi wa sita nikawakuta wamenawiri, ngozi inang'aa. Mwanafunzi akaniuliza "mwalimu, hawa wanaumwa?" nikamjibu ni jua tu, ila jibu lenyewe halikuniingia hata mimi. Nimechunga toka nina miaka saba, ng'ombe wetu wa asili jua hili la Oktoba wanashinda nalo malishoni, sasa nyati kazaliwa porini humo humo, jua limshinde vipi? Nataka nikirudi darasani niwape watoto jibu la kweli.

kijana_wa_Bahi
Mwalimu shida ni jasho. Nyati ana tezi za jasho chache sana na ngozi nyeusi, joto halina pa kutokea ndo maana anashinda kwenye tope. Nilisoma kwenye makala moja ya India.

daktari_mifugo_Dom
Kijana wa Bahi, hiyo makala iko sahihi ila inamzungumzia nyati maji wa Asia, yule anayefugwa kwa maziwa, kina Murrah. Huyo na nyati wetu wa Afrika ni wanyama tofauti kabisa hata hawazaliani. Nyati maji kweli jasho lake ni dogo ukilinganisha na ng'ombe, ngozi nene nyeusi na nywele chache, kwa hiyo kiangazi cha kule, mwezi wa nne mpaka wa sita, asipopata bwawa anahema haraka, anakula kidogo, maziwa yanashuka, na jike anaingia kwenye joto la uzazi bila kuonyesha dalili, mfugaji anasubiri hadi anakata tamaa. Joto likipungua na mchana ukianza kufupika ndo mimba zinashika.

Wa kwetu anatoka jasho, na hapo ndo penye mzigo wake, maana jasho ni maji na maji lazima yarudi. Nyati anatakiwa anywe kila siku. Ng'ombe wa asili mwalimu unajua mwenyewe, kiangazi anapelekwa lamboni leo, kesho anakaa bila kunywa, na anavumilia, mwili wake unapunguza matumizi. Nyati hana uvumilivu huo, kwa hiyo kundi linafungwa na maji, haliwezi kwenda mbali, na majani ya karibu na mto yanaisha mapema.

Ila mimi jua nisingelipa lawama yote. Kinachowakondesha hasa ni majani. Kuanzia Agosti nyasi zimekuwa mabua, protini imeshuka, na wale vijidudu wa tumbo kubwa wanaomeng'enya nyasi nao wanakula protini hiyo hiyo. Wakikosa wanafanya kazi polepole, nyasi zinakaa tumboni muda mrefu, mnyama anajisikia kashiba na hawezi kuongeza zingine. Yaani anakonda tumbo limejaa. Hilo waambie watoto, maana wengi wanadhani mnyama aliyekonda hajala.

mzee_wa_Kizigo
Daktari umesema kweli tupu. Mimi nimekuwa askari wa wanyamapori miaka mingi huku upande wa Manyoni na sikuhitaji kumwona nyati kujua hali yake, naangalia kinyesi. Kifuku kinadondoka laini, kinatandaa kama cha ng'ombe aliyekula majani mabichi. Oktoba kinakaa pingili pingili kigumu, ukikivunja na kijiti ndani ni nyuzi za mabua kama kamba ya katani. Na tukikuta aliyekufa tunapasua mfupa wa paja. Mafuta ya mgongoni yanaondoka kwanza, halafu ya figo, uboho ndo wa mwisho. Uboho mweupe mgumu huyo kafa kwa jambo lingine, ukiwa mwekundu unatetereka kama mlenda ujue njaa imemmaliza.

Mchana hawali sana wakati huu, wanalala kivulini wanacheua, malisho ni usiku. Na huo mto wa Ruaha uliouona mwalimu, zamani ulikuwa unatiririka mwaka mzima, umeanza kukatika kiangazi kuanzia 1993, maji yanachukuliwa huko juu Usangu. Inaniuma sana hiyo. Nyati hakubadilika, kilichobadilika ni mto.

mwl_Chamwino
Aisee nashukuru sana wazee wangu. Sasa daktari, jike aliyekonda hivyo anabebaje mimba? Niliona ndama wachache mno.

daktari_mifugo_Dom
Swali zuri mwalimu. Majike wengi wanapandwa mwishoni mwa mvua wakiwa wamenona, na mimba ya nyati ni miezi 11 na ushee, hesabu mwenyewe, ndama anashuka mvua zinazofuata majani yakiwa mabichi na maziwa yapo. Oktoba unamkuta ana mimba kubwa na mafuta yameisha, ndo wakati mgumu kwake kuliko yote. Aliyemaliza mvua akiwa dhaifu mara nyingi mwaka huo hashiki kabisa.

Ukitaka watoto waelewe bila kwenda Ruaha tena, wapeleke zizini hapo hapo kijijini sasa hivi waangalie kinyesi kama alivyosema mzee, waandike, halafu warudi Januari.

mwl_Chamwino
Jumatatu asubuhi tunaanza na zizi la baba yangu.

mzee_wa_Kizigo
Wabebe vijiti vya kuvunjia.