Mafundi wa tovuti mnaotuuzia sisi watu wa Amu: hayo maegesho ya magari mmeyaona wapi?

Wadau, salaam aleikum. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiye na nafasi apite.

Juzi mgeni kanipigia simu kutoka Nairobi. Anauliza akifika aliache gari upande gani wa nyumba, maana tovuti yetu inasema tuna maegesho ya bure yenye ulinzi saa 24. Nyumba yetu ya wageni iko Mkomani, mtaa wa ndani ya mji wa kale wa Amu, yaani Lamu. Wanaoijua Mkomani washaanza kucheka. Kwenye kichochoro chetu punda wawili wakikutana na shehena za mchanga, mmoja hana budi kurudi nyuma. Gari unaliacha Mokowe, huko bara, unapanda boti, basi. Kulijua hili hakuhitaji utaalamu wa kompyuta, kunahitaji kuwa umeuona mji. Na fundi wetu hakuletwa kutoka ng'ambo, ni mtoto wa papa hapa.

Siku ya kukabidhi alituonyesha ukurasa wa mbele tu, kwenye kompyuta yake, mengine akasema bado yanapakia. Sasa nimeipitia tovuti nzima. Kumbe kachukua kiolezo kilichotengenezewa hoteli za nchi za baridi, kabadilisha jina juu na nambari ya simu chini, katikati hakugusa kitu. Tuna "mahali pa kuotea moto sebuleni". Amu! Kaskazi ikikaza watu wanatafuta upepo juu ya mapaa, sisi tunawaahidi wageni kuni. Tuko "dakika kumi kutoka stesheni ya treni". Ukurasa wa wafanyakazi una wazungu wanne wenye suti ambao hakuna mtu nyumbani anayewajua. Mama alipoziona zile picha aliuliza kama tumeuza nyumba. Na pale palipoandikwa "Kuhusu sisi" pana aya tatu za Kilatini kisichosomeka, yale maneno mafundi wanayoweka kushika nafasi hadi maandishi ya kweli yapatikane. Maandishi ya kweli nilimpa! Nilimpa karatasi, nikampa na kwa WhatsApp, zote mbili.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na violezo. WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, peke yake ina violezo vya bure tele, na mafundi wa maana hutumia. Ugomvi wangu ni kulipwa elfu themanini kwa kazi ya kubadilisha jina.

Hebu nieleze mgeni wa Lamu anataka kujua nini, maana inaelekea mafundi hamjawahi kumuuliza hata mmoja. Anataka kujua ndege ikishuka Manda anavukaje hadi mjini, boti ni ya nani, shilingi ngapi, na kama kuna mtu atakayempokea gatini. Anataka kujua nyumba iko mjini Amu au iko Shela, kwa sababu wengi hawajui kuwa ni mahali pawili, na kutoka hapa kwenda Shela kwa miguu ni karibu saa nzima ukiwa na mzigo. Mwenye magoti mabovu anataka kujua ngazi, na ngazi za nyumba za kale mnazijua zilivyosimama wima. Kuna feni au kuna kiyoyozi? Chakula je? Bei ya chumba kimoja ni ngapi, na ya nyumba nzima ni ngapi, na wakati wa Maulidi inabadilika? Arbuni analipa kwa M-Pesa au kwa kadi?

Yote haya niliyaandika kwenye ile karatasi. Tovuti yetu haina jibu hata moja. Kinachokukaribisha pale mbele ni "Karibu kwenye paradiso ya starehe isiyo na kifani", halafu chini yake kitufe kimeandikwa "Gundua zaidi". Nigundue nini? Niambie bei!

Nilipomlalamikia akaniambia vitu nilivyoandika ni vya kawaida mno, havina muonekano wa "kiprofesheno", mgeni lazima kwanza avutiwe. Haya. Nyumba ya Amu mgeni hupokewa dakani, kile kibaraza cha mlangoni. Anakaa kivulini, anasalimiwa, anaulizwa shida yake, na yale mapambo ya ndani, zidaka (vile vishubaka vya ukutani) na plasta ya nakshi, atayaona akishaingia. Ukurasa wa mbele ni daka. Huyu bwana kalibomoa daka akaweka maonyesho ya taa.

Na ni maonyesho kweli. Unafungua, inaanza video. Bahari, drone, machweo, na muziki unaolia bila kuombwa. Kwenye simu yangu, na bando langu mwenyewe, ilikaa nyeupe tupu hadi nikadhani mtandao umekatika. Mgeni wa kigeni aliyewasha laini yake ya kwao anakatwa pesa kwa kila megabaiti, mnamfungulia video asiyoitaka? Ikimalizika video zinakuja picha tano zinazojizungusha zenyewe. Kila moja ina maneno juu yake, na kabla hujamaliza kusoma ya kwanza imeshakimbia. Mama yangu mkubwa, msomaji mzuri tu, alinyoosha kidole kwenye skrini akitaka kuishika.

Maneno yenyewe sasa. Herufi nyembamba za mwandiko wa kadi za harusi, rangi ya dhahabu iliyopauka, juu ya nyeupe. Eti hiyo ndiyo rangi ya anasa. Penye picha ya ufuo, maandishi ni meupe juu ya mchanga mweupe. Tokeni nje saa saba mchana mkasimame kwenye gati ya Manda na jua lile muisome! Haya mambo yana kipimo, jamani, si suala la ladha ya mtu. W3C, shirika linaloandika kanuni za mtandao, katika mwongozo wake wa ufikivu wameweka kwamba tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1. Hiyo kanuni ipo tangu 2008. Kuna vipimio vya bure mtandaoni, unaweka rangi mbili unapewa jibu papo hapo. Dhahabu ya huyu bwana juu ya nyeupe haikufika hata 2. Mimi ni mtu wa kupokea wageni na kutandika vitanda, nimekipata kipimio hicho kwa simu. Yeye aliyelipwa hakukiona?

Picha ndizo zilizonipandisha presha. Mpwa wangu alipiga picha nzuri sana: kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, asubuhi, mlango wa nakshi, paa na bahari nyuma yake. Zimetumika mbili, zimevutwa kwa upana hadi mlango umekuwa mnene na mfupi. Zilizobaki ni za kuokota mtandaoni, na moja ni ya vile vibanda vya makuti vilivyojengwa juu ya maji, vya Maldives vile. Ameshafika mgeni mmoja akaulizia hicho chumba, nikabaki nimeduwaa. Huyo alikuwa muungwana, alicheka. Mwingine angetuita matapeli, na angekuwa na haki. Watu wanavuka bahari kuja kuona Mji wa Kale, ulioingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, halafu sisi wenye nyumba ndani ya huo mji tunawaonyesha visiwa vya watu wengine?

Na hizo mbili za mpwa zimepandishwa zilivyotoka kwenye simu, kila moja megabaiti nne na kitu. Picha ya kuonekana kwenye skrini ukiipunguza upana ukaibana vizuri inashuka hadi kilobaiti mia mbili, mia tatu, na jicho halioni tofauti. Kazi ya dakika chache. Hakuifanya.

Bei, alipobanwa sana, aliziweka. Ameziweka vipi? Kama picha! Kachora jedwali, kalipiga picha, kalipandisha. Kwenye simu ni vitone. Huwezi kulikuza likasomeka, huwezi kunakili nambari ya simu iliyomo wala kuigusa ikapiga, Google haisomi bei zenyewe, na kipofu anayetumia simu inayomsomea kwa sauti hapo anasikia kimya. Tukibadilisha bei msimu ukigeuka, inabidi tumwite yeye achore upya, kwa malipo. Nashawishika kuamini kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia.

Maana pesa anazijua. Anatutoza kila mwaka ada ya "kufuli", ile alama inayoonyesha tovuti ni salama. Let's Encrypt wanatoa cheti hicho bure kwa umma tangu mwisho wa 2015, na seva iliyowekwa vizuri inakihuisha yenyewe. Yetu ilikaa na cheti kilichokwisha muda, wageni wakawa wanakutana na onyo jekundu kwamba wasiingie, wataibiwa. Nani atatuma arbuni baada ya kuona hivyo?

Sasa njooni kwenye yale ya kumpeleka mtu kwa mzee wa mtaa. Fomu ya kuulizia nafasi, ile mgeni anajaza jina na tarehe, ilikuwa inapeleka ujumbe kwenye barua pepe ya fundi. Si yetu. Ya kwake, na hata yeye alikuwa haifungui. Tuligundua kwa sababu mwanamke mmoja alitupata kwa njia nyingine akatuambia ametuandikia mara kadhaa, tumemdharau. Msimu wa Maulidi, mji umejaa, vyumba vyetu viwili vitupu, na maombi yamelala kwenye sanduku la mtu asiyejali. Ile tovuti tuliitaka ili tuache kukatwa kamisheni na mitandao mikubwa ya kuwekea nafasi, ambayo huchukua asilimia 15 na wakati mwingine zaidi. Tumeishia kupoteza mgeni mzima.

Na jina la tovuti, lile la mwisho wa .co.ke, kalisajili kwa jina lake. Majina ya .ke yanasimamiwa na KeNIC na unayapata kupitia wasajili walioidhinishwa, bei yake kwa mwaka haifiki hata ya kumlaza mgeni usiku mmoja. Lakini anayeandikwa kuwa mwenyewe ndiye mwenye kauli. Nimemwomba alihamishe, anataka "ada ya makabidhiano". Jina la nyumba ya babu yangu, nilinunue kwake!

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyeandika kwamba cha bure ghali, tulilipa rahisi: elfu themanini Amu si rahisi, bwana. Shemeji yangu Shela katengenezewa na kijana wa mtaa wa Langoni, hapa Amu, kwa chini ya nusu ya hiyo. Ukurasa mmoja mrefu. Herufi nyeusi kubwa juu ya nyeupe, picha sita za nyumba yake mwenyewe, bei zimeandikwa kwa maandishi, maelezo ya kuvuka kutoka Manda, kitufe cha WhatsApp kinachokufuata ukishuka chini. Inafunguka mara moja hata mtandao ukiwa mbovu. Hakuna dhahabu. Wageni wanampigia wakiwa wameshajua kila kitu, wanauliza tarehe tu.

Dada wa Malindi, pole. Hilo la tovuti yako ya Kiitaliano iliyotafsiriwa na mashine bila Mwitaliano kuisoma, na Malindi imejaa Waitaliano hadi wauza embe wanakisema, linanishinda hata kulitolea maneno.

Mnaosema tuachane na tovuti, Instagram inatosha: tunayo, na wageni wanatuona huko. Ila kule bei inazama chini ya picha mpya kila wiki, na akaunti ikifungwa asubuhi moja hakuna ofisi ya kwenda kugonga mlango.

Aliyeuliza afanye nini kabla hajamlipa fundi wake wa hapo Mkunguni malipo ya mwisho: fungua tovuti kwenye simu yako, si kwenye kompyuta yake, nje juani, kwa bando lako. Jaza fomu wewe mwenyewe uone ujumbe unaingia wapi. Mwambie abadilishe bei moja mbele yako, kisha ubadilishe wewe nyingine. Jina lisajiliwe kwa barua pepe yako na nenosiri ulishike wewe. Akinuna, pesa zako bado ziko mfukoni.

Na wewe fundi, najua unasoma humu, sijakutaja na sitakutaja. Ile elfu kumi na tano unayosema unatudai utaipata siku jina likihamia kwetu, shilingi ya ada haimo. Wanaotaka nambari ya kijana wa Langoni waniandikie faragha, nimemuuliza, amekubali.