Stewart Copeland aliunganishaje roki, okestra na midundo ya Kiarabu?

Mpigangoma wa Tanga:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Napiga seti ya ngoma katika bendi ya roki, na majuzi tulijaribu kuingiza dumbaki la taarabu pamoja na violini nne katika wimbo mmoja. Kila mtu alipiga sehemu yake vizuri, lakini zote kwa pamoja zikawa kelele tupu. Ndipo nikarudi kumsikiliza Stewart Copeland, mpigangoma aliyeanzisha The Police, bendi iliyochanganya roki na rege, jijini London mwaka 1977, kisha akageukia muziki wa filamu na opera. Naomba mnieleze kiufundi anachofanya, kwa maana sifa zake tayari nazijua.

Dumbaki Kavu:
Ndugu yangu, anza na utoto wake. Alizaliwa Marekani mwaka 1952, lakini alilelewa Cairo na Beirut, na mwenyewe ameeleza kwamba midundo ya Kiarabu aliyoisikia huko ndiyo iliyomrahisishia rege alipokutana nayo Uingereza. Sababu inasikika ukihesabu mapigo manne: katika roki ya kawaida ngoma ya mguu huangukia la kwanza, na ngoma ya mkono (snea, ipigwayo kwa fimbo) hujibu katika la pili na la nne, ilhali katika rege ya Jamaika pigo la kwanza mara nyingi huachwa wazi, na uzito wote ukaangukia la tatu. Katika baladi nayo, mdundo maarufu wa Misri, baada ya vishindo viwili vya mwanzo, kishindo kizito kingine hutua papo hapo katika la tatu. Kwa hiyo Copeland hakurundika ngoma za Kiarabu juu ya roki. Alihamisha mahali pa uzito, akabaki na seti yake ileile, huku matoazi ya mguu (hai-hati) yakijaza nafasi kwa mapigo madogo madogo ambayo ukiyasikiliza kwa makini yanafanana sana na kazi ya vidole kwenye dumbaki. Nyinyi, nadhani, mna watu wawili wanaogombea pigo moja. Ondoa ngoma yako ya mguu katika la kwanza, umwachie mwenzako.

Mama Violini:
Naafiki, ila tatizo la violini ni jingine. Violini nne zisizo na kipaza sauti haziwezi kushindana na fimbo inayopigwa kwa nguvu ya roki, hata mpigaji awe na adabu kiasi gani. Copeland aliandika opera iliyoonyeshwa Cleveland mwaka 1989, na mwaka 2011 Okestra ya Simfoni ya Dallas ilipiga kazi yake iliyokutanisha okestra na kundi la wapigaji watano wa D'Drum na vyombo vya gamelani, yaani kundi la gongo na vyombo vingine vya kugongwa vya Indonesia. Vyombo hivyo ni vya shaba, na sauti zake huwekwa vinapotengenezwa, kwa hiyo haviwezi kurekebishwa ukumbini kama unavyokaza uzi wa violini, na mtunzi hulazimika kuandika akizingatia sauti alizozikuta. Jambo kama hilo huandikwa kwenye karatasi mapema, likaamuliwa nani anyamaze na wapi. Je, violini zenu zilikuwa na nota, au ziliambiwa tu zifuate?

Mzee wa Rumba:
Msimsahau Ray Lema wa Kongo, aliyeshirikiana na Copeland katika albamu ya mwaka 1985 iliyotokana na safari ya Afrika. Filamu iliyoambatana na albamu hiyo, ambamo Copeland anapiga ngoma ndani ya kizimba huku simba wakimzunguka, mimi naiona ni mzaha wa kitalii. Sauti ya Lema, hata hivyo, ndiyo inayoipa kazi hiyo uzito. Yeye alisomea kinanda cha kanisani na muziki wa Ulaya akiwa seminari, kisha mwaka 1974 akawa mkurugenzi wa muziki wa Baleti ya Taifa ya Zaire, akizunguka nchini kutafuta wapigaji wa asili. Kwa swali lako, ningemsikiliza yeye kwanza.

Mpigangoma wa Tanga:
Nashukuruni nyote. Mama Violini umenishika pabaya, maana hazikuwa na nota hata moja. Jumamosi nitamwomba mpiga dumbaki aje saa moja kabla ya wenzake, tupige wawili tu, na ngoma ya mguu nitaiacha nyumbani.