Wakuu, mashine ya kudarizi inasimama katikati ya kazi. Nipige Windows upya?

Mdarizi: Wakuu, nisaidieni. Pentium yangu ya Windows 98 hutuma michoro kwenye mashine ya kudarizi kwa kebo ya siriali, kwenye mlango wa COM2. Wiki hii mchoro unafika nusu, sindano inasimama, shati la mteja linaharibika. Fundi anakuja Jumamosi kupiga Windows upya. Nimwache aendelee?

Soketi: Tafuta laptopu na adapta ya USB, mkuu. Hiyo imeshazeeka.

Kengele16: Asinunue kitu kwanza. Umebadilisha nini?

Mdarizi: Hakuna cha maana.

Kengele16: Fungua Device Manager, bonyeza Computer mara mbili, nisomee mstari wa 03 kwenye orodha ya IRQ, yaani namba za hodi ambazo vifaa hupiga kuiita prosesa.

Mdarizi: Ipo mara mbili: COM2 na kadi ya mtandao, NE2000. Niliichomeka Jumatatu nisihangaike na disketi. Lakini mtandao unashika vizuri, kwa hiyo kadi ni nzima. Bado naona Windows ndiyo imechoka.

Duma: Hilo ndilo ungeanza nalo! Watu wanakushauri gizani.

Radi: Uzi wa kutunga huu. Kadi za PCI, zile za sloti fupi nyeupe, hugawana IRQ bila shida.

Mdarizi: Situngi, mkuu. Boksi liko wazi mbele yangu. Kadi imekaa kwenye sloti ndefu nyeusi, siyo zile fupi nyeupe. Ina safu ya pini zenye namba 3, 4, 5, 9, 10, 11, na jampa, kile kifuniko kidogo cha kuunganisha pini, iko kwenye 3.

Kengele16: Basi ni ISA, aina ya zamani kuliko PCI. Kifaa cha PCI hushikilia hodi mpaka kihudumiwe. Cha ISA hugonga mara moja. Viwili vikigonga pamoja kwenye IRQ moja, hodi moja inapotea. COM2 ikipoteza yake, kompyuta inabaki inangoja ruhusa ya kutuma herufi inayofuata, na sindano inasimama.

Windows mpya haitahamisha jampa. Zima, chomoa umeme, ihamishie 10. Angalia meno ya kadi: yakiwa vipande viwili, 10 inafika, kadi ya kipande kimoja ni ya biti 8, haifiki huko. Usiguse 5, kadi ya sauti hupenda kukaa hapo. Kisha ingia BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, ukurasa wa PnP/PCI, uweke IRQ 10 kuwa Legacy ISA, yaani itengwe kwa kadi ya ISA, la sivyo BIOS inaweza kuigawia kadi ya PCI. Ndani ya Windows, kwenye Resources za kadi, ondoa tiki ya Use automatic settings, andika 10, anwani 300–31F iache ilivyo. Washa upya.

Mdarizi: Fundi nimeshampa advansi, lakini.

Duma: Advansi haifuti mgongano. Mpe kazi ya jampa.

Mdarizi: Nimehamisha mwenyewe. 03 ni COM2 peke yake, 10 ni NE2000. Nakopi faili kwenye mtandao huku mchoro unatumwa. Kola ya kwanza imeisha, sindano haijasimama.