Wapendwa tupeane uzoefu: ulipopita kwenye sonona na wasiwasi, imani ilikushikaje mkono?

MWALIMU WA NJOMBE
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii kitu nimekaa nayo miaka, leo naiandika maana juzi kuna mdada kanisani kaniuliza "mwalimu we uliwezaje" nikakosa cha kumjibu kwa haraka.

Mwaka 2021 nilijifungua mtoto wangu wa pili. Mtoto mzima, mimi mzima, watu wanakuja na vitenge na sabuni wanashangilia, ila ndani yangu pamezima kabisa. Mtoto analia mimi naangalia ukuta. Akilala nashindwa kulala. Naletewa uji nakaa nao mkononi mpaka unapoa unaota ngozi juu, yaani hata kunyanyua kikombe kupeleka mdomoni naona ni kazi kubwa kama kulima. Wengine wakasema nimerogwa wengine wakasema ni pepo, nikaombewa mara tatu, na ile mara ya tatu nikaambiwa tatizo ni imani yangu ndogo. Nilirudi nyumbani na mizigo miwili, ule nilioenda nao na huu niliotwishwa.

Alonitoa pale ni mama mmoja mzee wa kanisa. Alikuja asubuhi hakuhubiri. Alifua nepi zote, akamwogesha mtoto akambeba mgongoni, akaniambia mwanangu lala mimi nipo. Nililala masaa manne, ilikua miezi sijapata usingizi kama ule. Nilivyoamka akanisogezea viazi na chai, nikala, ndo akafungua Biblia 1 Wafalme 19 pale nabii Eliya anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe. Eliya, yule yule aliyeshusha moto Karmeli sura moja nyuma! Akaniambia tazama, malaika hakumkemea, alimgusa akamwambia inuka ule, kuna mkate na maji kichwani pake, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena. Maneno ya Mungu kule mlima Horebu yalikuja baadae sana. Nililia siku hiyo, na kulia kwenyewe nilikua nimeshasahau kunavyokua.

Kesho yake yeye mwenyewe akanipeleka hospitali. Daktari akasema ni sonona ya baada ya kujifungua, akanipa dawa, akanionya zinachukua wiki kadhaa ndo zianze kuonekana kazi nisikate tamaa njiani. Yule mama akawa anakuja kila jumanne na ijumaa mpaka mtoto alipoanza kukaa.

Karibuni na nyie, naomba tusihukumiane humu.

BODA WA ARUSHA
Shalom. Mi ni mwanaume na wanaume haya mambo hatuyasemi kijiweni. Nilikua na pikipiki ya mkataba, imebaki miezi miwili iwe yangu, ikaibiwa. Kuanzia hapo nikawa napatwa na kitu, nipo tu nimekaa ghafla moyo unaenda mbio, jasho, vidole vinakufa ganzi, najua leo nakufa. Nikapima moyo, presha, malaria, kila kitu kizima. Nikaona aibu, mtu mzima naumwa ugonjwa hauonekani kwenye vipimo.

Kanisani kila mtu akisimama kushuhudia ni ushindi ushindi, nikawa nakaa benchi la nyuma natoka kabla ya baraka. Usiku mmoja nimekosa usingizi nikawa nasoma Zaburi kwenye simu moja baada ya nyingine nasubiri kukuche, nikafika ya 88. Ndugu zangu ile Zaburi inaishia gizani. Nyingine zinalia alafu mwishoni zinageuka sifa, ile haigeuki. Nikarudia kusoma nikidhani nimeruka mstari. Kumbe kuna mtu aliomba hivi, hana jibu, hana ushuhuda, na maombi yake yakawekwa kwenye Biblia yasomwe na watu wote! Nikajisemea kama hili ni neno la Mungu basi hata mimi nilivyo hivi bado nipo ndani, sijatoka nje. Nikaanza kuomba hivyo hivyo bila kupamba. Wasiwasi haukuisha siku hiyo na hata leo mara moja moja unakuja, ila sijifichi tena, mke wangu anajua, mwinjilisti wetu anajua, nikibanwa napaki pembeni navuta pumzi taratibu mpaka upite.

MKE MWENYE SWALI
Samahani, hivi kumeza dawa za mawazo si ni kama kusema Mungu ameshindwa? Mume wangu ameandikiwa hataki kabisa.

NESI MSTAAFU
Mama pole sana. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, 1 Timotheo 5:23, hakumwambia afunge siku saba. Na Luka anaitwa tabibu mpendwa, hakuambiwa aache kazi. Mume wako akiwa na presha angekataa kidonge? Kaa nae kwa upole, nenda nae kliniki, mwambie daktari hofu zake zote. Na akishaanza asiache ghafla siku akijisikia nafuu, hapo nimeona wengi wakirudi chini.

DADA WA MUSCAT
Mi nipo Oman kazi za ndani. Bibi wa nyumba hii anaongea kiswahili cha Unguja kabisa lakini upweke uko pale pale, miezi ya kwanza nilikua nalia bafuni maji yakiwa wazi wasisikie. Mama yangu hajui kuandika, kila alfajiri alikua ananitumia sauti kwenye WhatsApp, anaomba kwa kinyakyusa, nyuma nasikia jogoo wetu. Nilikua nairudia zaidi kwa ajili ya yule jogoo, Mungu anisamehe. Kuna ijumaa niliruhusiwa kwenda Ruwi, mtaa wa hapa Muscat, kule makanisa yapo kwenye eneo moja na ibada ni ijumaa sababu ndo mapumziko. Nikakuta watu wa mataifa kibao, sikuelewa lugha, ila Baba Yetu niliijua kwa mdundo wake, nikaisema kiswahili kwa sauti. Pembeni mtu akageuka, "dada we wa wapi?" Nikamwambia Tukuyu! Toka siku hiyo nina mtu wa kumpigia.

MGENI
Nimesoma zote. Naandika saa tisa usiku. Mi sina nguvu hata ya kuomba, naona bora nisiwepo tu.

MWALIMU WA NJOMBE
Ndugu yangu niko macho, niko na wewe. Usiombe, sisi tutaomba. Naomba kitu kimoja tu, usikae peke yako usiku huu. Nani yupo karibu, ndugu, jirani, yeyote? Muamshe, mwambie maneno haya haya ulotuandikia, usiyapunguze makali. Kukicha mwende wote hospitali iliyo karibu, na kama unaona huwezi kungoja kukuche mwende sasa hivi. Nijibu.

MGENI
Nimempigia dada yangu.

MGENI
Amekuja na bodaboda, na kanga juu ya nguo za kulalia. Asubuhi tunaenda wote. Saa hizi yupo jikoni anapasha chapati za jana, kasema nile kwanza.